Swali ambalo Antonia alilifuta mbele ya wazee wa Enguserosambu

Saa moja na robo asubuhi, Antonia Qamara anafungua kompyuta yake mpakato juu ya boneti ya pikapu iliyoegeshwa nje ya boma la saba katika kata ya Enguserosambu, wilayani Ngorongoro. Baridi bado ni kali. Amejifunga kitenge juu ya sweta, na kila baada ya dakika chache anapuliza vidole.

Hatua kumi kutoka hapo, ng'ombe wameanza kuingia mmoja mmoja kwenye korido ya miti. Naishorua Supeet, mtaalamu wa mifugo wa chama cha wafugaji cha kata hiyo, amesimama pembeni na bomba la sindano mkononi. Hii ni siku ya pili na ya mwisho ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Maboma sita yalimalizika jana. Yamebaki matatu, na kwenye kasha la barafu zimebaki chupa tano.

Kila chupa ina dozi mia moja. Ikishachanganywa na maji yake haikai. Isipotumika ndani ya muda mfupi, inamwagwa. Chupa zote kumi na nne zilizosafirishwa hadi hapa zilipangwa kwa kufuata kitu kimoja tu, rejista iliyo kwenye simu ya Naishorua. Programu ya rejista hiyo iliandikwa na Antonia.

Mwaka jana dozi ziliishia boma la saba. Maboma mawili yalikosa, likiwamo la mwenyekiti wa chama, mzee Senteu Lekoko, aliyekuwa wa mwisho kwenye ratiba. Wiki chache baadaye ugonjwa uliingia zizini kwake. Akiulizwa ni ng'ombe wangapi waliokufa, hujibu kwa neno moja: "Waliondoka."

Mwaka huu alipoambiwa atasogezwa mbele, alikataa.

"Niwekeni wa mwisho tena," alimwambia Naishorua mbele ya watu. "Tuione mashine ya Mmbulu."

Mmbulu anayesemwa ni Antonia, Mwiraqw wa Qurus, wilayani Karatu. Amezoea kutaniwa kwa jina hilo na hucheka. Asubuhi hii hacheki sana. Chama kilishamweleza wazi kwamba rejista ikikosea, mwakani kinarudi kwenye daftari, na kazi yake ya kwanza nje ya Karatu itakuwa imeishia hapo.

Antonia ana umri wa miaka 31. Kwa miaka sita alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya watalii, akipanga vyumba na magari ya kushuka kreta. Mwaka 2020 watalii walipokatika, alipunguzwa pamoja na wenzake tisa. Kwa akiba yake alinunua kompyuta iliyotumika, shilingi 280,000, akaanza kujifunza kuandika programu.

"Nilikuwa nimezoea kompyuta ya hoteli inayokataa kila kitu," anasema. "Nikataka kujua ni nani anayeiambia ikatae."

Leo amepanga meza ndani ya steshenari mjini Karatu, kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Anachapa barua, anatoa nakala, na anaandika programu ndogo za kupokea wageni kwa nyumba za kulala. Mwezi mzuri humwachia shilingi 350,000. Kompyuta ni ileile, na sasa ina miaka kumi na moja. Hadi Desemba mwaka jana, betri yake ilikuwa ikidumu saa mbili tu bila umeme.

Betri hiyo ndiyo iliyomfanya Januari ajiunge na watu wanaojaribu toleo la awali la kihariri kiitwacho Kivo, kinachotengenezwa na kundi la watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali. Kihariri ni programu ya kuandikia programu nyingine. Mwandishi wa programu hukaa nacho kutwa nzima kama fundi seremala na meza yake. Toleo hilo jipya lilikuja na mambo matatu ambayo la zamani halikuwa nayo.

La kwanza ni hali ya kubana matumizi. Betri ikishuka chini ya asilimia thelathini, kihariri huacha kazi zote zisizo za lazima. Kwa kompyuta ya Antonia, saa mbili ziligeuka kuwa tatu na nusu. La pili ni kumbukumbu ya ndani: kila herufi inayoandikwa au kufutwa huhifadhiwa palepale kwenye mashine, bila intaneti, na mtu anaweza kurudi dakika yoyote anayotaka. La tatu ni kioo cha pembeni. Upande wa kushoto wa skrini unaandika maelekezo, na upande wa kulia unaona hapohapo kile atakachokiona mtumiaji. Ukigusa herufi kushoto, kulia kunabadilika.

Lilikuja pia na onyo. Ukurasa wa kwanza ulisema toleo hilo linaweza kuharibika wakati wowote, na lisitegemewe kwa kazi ya maana.

Mathias, fundi simu anayekaa meza ya jirani, alilisoma onyo hilo kwa sauti, steshenari nzima ikasikia.

"Dada Antonia, hiki chakula hakijaiva. Wewe umeshakaa na sahani jikoni?"

"Kabati likishatoka kwa fundi linaijua meza?" Antonia alimjibu. "Programu nikishaimaliza inakwenda kwenye simu ya mtu. Kihariri kinabaki kwangu na matatizo yake."

"Na kikivunjika katikati ya kabati?"

Jibu alilipata katikati ya Februari.

Siku hiyo alisafiri zaidi ya saa nane, kupitia Ngorongoro hadi Enguserosambu, kuonyesha rejista aliyoiandaa kwa wiki tatu. Wazee sita walimngoja katika ofisi ya chama, chumba kimoja cha bati kisicho na mtandao wala umeme wa kuaminika. Mzee Senteu alimsalimia kama anavyosalimia mabinti wa kwao.

"Takwenya!"

"Iko," alijibu Antonia, kama Naishorua alivyomfundisha mlangoni. Wazee wakacheka, wakampa kiti.

Aliwasha kompyuta na kusoma swali la kwanza la fomu. "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Wazee walitazamana.

"Wapo," alisema mzee Senteu.

"Wapo wangapi?"

"Wapo wa kutosha."

Antonia akidhani hajaeleweka, akauliza tena, polepole. Safari hii mzee aliweka fimbo yake chini.

"Nakerai, mwanangu, huko Qurus mgeni akifika kwenu, anaanza kuwapanga watoto wenu mstari awahesabu? Ng'ombe ni magunia ya ngano?"

Naishorua alimvuta Antonia nje na kumweleza. Kwa wazee wengi wa huko, kuwahesabu ng'ombe na kuitamka idadi yao ni kuwaletea balaa. Mfugaji hahitaji idadi. Jioni wakirudi, anawaangalia, na aliyekosekana anamjua kwa rangi, pembe na mama yake.

"Sasa mwaka jana mliandika nini kwenye daftari?" Antonia aliuliza.

"Daftari lilikuwa na swali kama lako. Wazee wakataja namba yoyote ili karani aondoke."

Ndipo alipoelewa kwa nini dozi ziliishia njiani. Fomu ya karatasi ilikuwa na kosa, na yeye alilinakili lilivyo kwenye programu mpya.

"Wiki tatu nimepiga rangi nyumba yenye ufa," anakumbuka.

Angeweza kurudi Karatu kuiandika upya. Lakini chanjo ilikuwa inakuja Machi, na nauli ya safari ya pili hakuwa nayo. Alirudi ndani, akageuza kompyuta ili wazee waione, akafungua kioo cha pembeni. Kushoto alianza kulifuta lile swali, herufi moja baada ya nyingine. Kulia, swali lilipungua hadi likatoweka.

Mzee Senteu alisogeza kiti. "Limeondoka?"

"Limeondoka, mzee."

"Lirudishe."

Akalirudisha.

"Liondoe tena."

Akaliondoa. Wazee walicheka kwa mara ya pili, na mmoja akasema mashine hii angalau inasikia, kuliko karani.

"Sasa niambieni nyinyi," alisema Antonia. "Ng'ombe anatajwaje?"

Wakaanza kwa rangi. Alipoandika nyokie, kitufe chekundu kilijitokeza kulia. Alipoandika mugie, cha kahawia kikafuata, na mzee akamsahihisha kuwa mugie ni kahawia iliyofifia, aipunguze ukali. Akaipunguza, rangi ikabadilika mbele ya macho yao. Wakaongeza alama za masikio, umbo la pembe na jina la mama. Walibishana wao kwa wao kuhusu madoa, wakakubaliana, na kila walichokubaliana kilionekana kabla mjadala haujapoa.

Saa tano na dakika arobaini na mbili, betri ilishuka chini ya asilimia thelathini, na dirisha lote la kihariri likajifunga. Kwenye skrini kulibaki picha ya mandharinyuma tu, shamba la vitunguu.

Rangi kumi na moja na alama zote za masikio zilikuwa zimeandikwa katika muda wa saa nzima, na hakuwa amebonyeza kuhifadhi hata mara moja.

"Imesinzia?" aliuliza mzee Senteu.

"Imesinzia, mzee."

Alifungua kihariri upya. Kiliuliza jambo moja: aendelee kutoka saa 5:42? Alikubali. Kila kitu kilirudi, hadi neno alilokuwa ameliandika nusu.

"Imeamka," alisema, na sauti yake, kwa maelezo ya Naishorua, ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia.

Akihisi kwamba kioo cha pembeni ndicho chanzo, alikizima, akamalizia kazi bila hicho, na kihariri hakikujifunga tena. Mchana aliihamishia programu kwenye simu ya Naishorua. Mzee Senteu alikuwa wa kwanza kujaribu. Alifumba macho, akawataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa kufuata mama zao, huku Naishorua akibonyeza. Ilichukua saa nzima na dakika ishirini. Hakuna aliyehesabu kwa mdomo. Programu ilijumlisha yenyewe, na kwenye ukurasa wa Naishorua haikuandika ng'ombe. Iliandika chupa.

Mfumo huo ni wa Antonia mwenyewe. Rejista nzima ya kata, boma kwa boma, hutoa jibu moja: chupa ngapi zibebwe. Kwa wiki mbili zilizofuata Naishorua alizunguka maboma yote tisa na simu yake, na jibu likaja kumi na nne.

Antonia aliporudi Karatu aliwaandikia watengenezaji wa Kivo. Kabla ya kuandika alirudia kosa lile mara nane mezani kwake, akachomoa waya wa umeme kila mara na kusubiri betri ishuke. Mara zote nane dirisha lilijifunga, na mara zote nane kioo cha pembeni kilikuwa wazi. Alipokifunga kioo, halikujifunga hata mara moja. Kwa maneno mengine, mambo mawili kati ya matatu mapya yalikuwa yanagombana.

Siku tatu baadaye alijibiwa. Kati ya watu wapatao elfu mbili wanaojaribu toleo hilo, hakuna mwingine aliyekuwa ameripoti kosa hilo. Wengi wao huandika kompyuta ikiwa kwenye umeme. Toleo lililofuata lilitoka likiwa limerekebishwa. Chini ya orodha ya mabadiliko, pamewekwa mstari mmoja wa shukrani: A. Qamara, Karatu.

Mathias aliuchapisha ukurasa huo na kuubandika ukutani juu ya meza yake mwenyewe. "Wateja wajue nakaa na nani," anasema.

Saa nane mchana, korido ya miti imehamia boma la tisa. Mzee Senteu amesimama mlangoni mwa zizi, rubega begani, akimtaja kila anayepita. Boma la saba na la nane yamemaliza chupa tatu. Kwenye kasha zimebaki mbili.

Chupa ya kumi na tatu inaisha. Naishorua anachukua ya mwisho, anaichanganya, anaitikisa. Zizini bado wapo wengi, na Antonia amefunga kompyuta. Haina tena cha kumsaidia. Anaangalia chupa tu.

Wanapita wekundu, wanapita weusi. Anapita fahali mmoja anayegoma, anasukumwa na watu wanne. Mwishowe anaingia ndama dume wa mugie, na nyuma yake hakuna kitu.

"Wameisha?" anauliza Naishorua.

Mzee anageuka, analitazama kundi lililokwishavuka upande wa pili, kwa muda mrefu, kama anavyolitazama kila jioni.

"Wote wamepita," anasema.

Naishorua anainua chupa juani. Zimebaki dozi kumi na sita.

Kelele zinazofuata haziandikiki vizuri. Wanawake wa boma wanapiga vigelegele, Naishorua anamkumbatia Antonia na bomba la sindano likiwa bado mkononi, na mzee Senteu anamwendea, anainama kidogo, anamwekea mkono kichwani.

"Mmbulu," anasema, "mwakani njoo na ya mbuzi na kondoo. Lakini uanze kwa kuuliza sisi, ndiyo uandike."

"Nimesikia, mzee."

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, chama kinakaa na kuamua: rejista itaendelea, itaongezwa mbuzi na kondoo, na Antonia atalipwa shilingi 900,000 kwa kazi hiyo, zaidi ya mara mbili ya malipo ya kwanza. Anasema sehemu ya fedha hizo itanunua betri mpya. Kompyuta haibadilishi.

Sehemu nyingine ameshaipangia kazi. Mwezi Juni Naishorua atakuja Karatu kwa wiki tatu, alale kwa Antonia, na kila siku akae kwenye meza ya steshenari akijifunza kuandika programu kwa Kivo. Toleo kamili linatarajiwa kutoka kabla ya hapo, likiwa na kioo cha pembeni na hali ya kubana matumizi vinavyokaa pamoja bila ugomvi.

Antonia anaeleza kwa nini anaharakisha. Kuna rangi za ng'ombe ambazo hatazijua kamwe, anasema, na haoni haja ya mtu kusafiri saa nane kuja kumuuliza.

"Mwakani nikifika hapa," anasema, akipakia kompyuta kwenye pikapu, "natamani nikute wamebadilisha kitu bila kuniambia, na kinafanya kazi."