Funda la Kwanza

Juzi, kwenye harusi moja Usa River, nilimwona mama wa Kirundi akionja kinywaji kabla ya kumpa mgeni wake. Hasira ya zamani ikanipanda.

Nilipokuwa mtoto, mimi na mama tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi, wageni kabisa kijijini Kikwe, tukiishi chumba kimoja kilichonuka moshi. Alasiri moja Mzee Kaaya, mwenye mashamba, alikuja na mwanawe kuamua kama atatupa kipande cha kulima. Mama alikuwa amepika pombe ya ndizi, na harufu yake tamu iliwaita nyuki hadi mlangoni. Akajaza kata, akapiga funda moja, ndipo akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akairudisha. "Mama Desi, mimi ninywe makombo yako? Huko kwenu hamfundishwi adabu?"

Mwanawe akacheka. "Baba, hiyo ni njaa ya ukimbizi!"

Niliona aibu. Niliamini kweli mama yangu ni mroho.

Leo najua kwamba kwetu mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Na mama alikuwa amekimbia majirani waliokula kwake miaka yote, kisha wakawaua kaka zake. Mzee angepungukiwa nini kama angeuliza tu kwa nini ameonja?

Mama akapiga magoti. "Nisamehe, mzee wangu. Sitarudia."

Shamba tukapewa. Kanisani bado wanausifu moyo wa mzee yule. Mimi namkumbuka mwanamke aliyeomba radhi kwa sababu alimhakikishia mtu kwamba hatamuua.