Dakika Ishirini za Mwinjilisti

Ukitaka kumjua Raheli Sifael, usimuulize habari za nyumbani wala za watoto. Muulize kwa nini shujaa wa filamu humwacha adui yake akiwa hai. Ataweka chini kikombe cha chai, atakugeuzia kiti, na kama una basi la kuwahi, basi hilo limeshakupita.

Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya Same, kimebanwa kati ya kinyozi na mama mmoja anayeuza tangawizi ya kutoka Mamba, milimani, kwa mafungu. Humo Raheli huchaji simu, hubadilisha vioo vilivyopasuka, na zaidi ya yote huingiza filamu kwenye flashi na memori kadi. Anazo za mapenzi na anazo za Kikorea, lakini hizo huziuza kama mtu anayeuza chumvi. Moyo wake uko kwa mashujaa wanaopaa, wanaonyanyua malori, wanaotoa moto viganjani. Amezitazama zote, na hakuna hata moja iliyomridhisha mpaka mwisho.

Joho, kwanza, halina heshima kwake. Mtu anayekwenda kazini hujifunga kanga kiunoni, haiachi ipeperuke nyuma mpaka inaswe na mlango wa gari. Kinyago nacho ni upuuzi wa watu wa mijini. Milimani kwao Vudee mtu akiwa bado kona ya tatu mnajua ni nani kwa anavyotupa mguu, sasa kitambaa cha machoni kitamficha nani? Halafu mji ukishabomolewa, maghorofa yako chini, shujaa anapaa zake.

"Kifusi anazoa nani?" huwauliza wateja. "Kwetu ungeitwa msaragambo, kijiji kizima kitoke na makoleo, na yeye angekuwa wa kwanza kwenye mstari. Si amevunja yeye?"

Vitabu vya katuni huviweka juu ya filamu. Kwenye filamu unaburutwa tu. Kwenye katuni, kati ya kisanduku na kisanduku, unapumua na kuamua mwenyewe ngumi imetua vipi. Lakini kote kuwili, kosa asiloweza kulivumilia ni huruma. Shujaa kamshika adui shingoni, kampata, watu wanashangilia, halafu anasema yeye si muuaji na kumwachia. Sehemu ya pili inaanza, adui yuleyule amerudi na mji mwingine unawaka. Hao waliokufa sehemu ya pili, Raheli husema, wameuawa na upole wa sehemu ya kwanza.

Wateja humcheka. Humwambia yeye ni Mpare, na Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Raheli hakatai. Hawajui tu kwamba naye ana kesi yake, na kuku wake alichomwa moto.

Mwaka 2001 alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la kipaimara. Alikuwa na madaftari kumi na moja ya katuni aliyoyachora mwenyewe tangu darasa la tano, kwa kalamu ya wino na penseli nyekundu ya kuazima. Shujaa wake aliitwa Nankondo, msichana aliyesikia maji yakitembea chini ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kulinda ndiva, lile bwawa la kijiji linalojaa usiku ili kukicha maji yagawiwe mashambani kwa zamu. Adui yake ni Kizibo, mwizi wa maji.

Mwinjilisti Tumainieli, aliyewafundisha kipaimara, aliyakuta madaftari hayo chini ya benchi. Alikaa nayo siku tatu. Jumapili, baada ya ibada, akayachoma nyuma ya kanisa mbele ya darasa zima, akisema picha za watu wanaoruka ni mambo ya shetani. Raheli alisimama pale moshi ukimwingia machoni, akitazama kurasa zinavyojikunja moja baada ya nyingine. Hakulia. Alimchukia yule mtu kwa utulivu, kama mtu anayepanga kuni za msimu mzima.

Tangu siku ile hajampa shikamoo. Amekutana naye njiani, msibani, harusini, na kila mara amempita kimya kana kwamba amepita jiwe. Mama yake alimchapa kwa ajili hiyo mpaka akachoka. Miaka ishirini na nne si michache, lakini Raheli hakuona sababu ya kuipunguza.

Lililomuuma zaidi halikuwa moto wenyewe. Mara nne amenunua madaftari mapya akajaribu kuyachora upya yale ya zamani. La kwanza mpaka la kumi yalimjia vipande vipande. La kumi na moja halikuja kabisa. Alikumbuka kwamba Nankondo alimkamata Kizibo. Alimfanya nini, hakumbuki. Ameapa mbele ya wateja, bila kuwaambia anazungumzia nini, kwamba shujaa wake yeye angemmaliza adui palepale. Lakini kuapa si kukumbuka, na alilijua hilo.

Basi mwaka huu, Jumatano moja ya mwezi wa tano, kivuli kikaziba mlango wa kibanda. Alikuwa Mwinjilisti Tumainieli, siku hizi mstaafu, mguu mmoja umefungwa bendeji, masikio yake makubwa yamezidi kuwa makubwa kwa jinsi uso ulivyokonda. Kila Jumatano alishuka Same kusafishwa kidonda. Flashi aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Karibu, nikusaidie nini?" Raheli akauliza. Shikamoo hakuitoa.

Mzee alingoja kidogo, kama wazee wanavyongoja, kisha akasema, "Binti yangu ameninunulia televisheni. Nimeonyeshwa zile filamu za watu wanaoruka. Unazo?"

Raheli alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. Watu wanaoruka. Walewale. Alipokea flashi, akamgeuzia mgongo wa kompyuta, na palepale kisasi kikamjia kimekamilika, hakihitaji hata kupigwa pasi. Alichagua filamu nzuri kuliko zote alizonazo. Akaifungua kwenye programu ya kukatia, akapima dakika ishirini za mwisho, akazikata. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa na aonje mtu mzima hadithi isiyo na mwisho.

Jumatano iliyofuata alirudi.

"Mwanangu, ile filamu imekatika. Yule bwana amemkunja adui, kamwinua juu, mara kioo kikawa cheusi."

"Flashi yako ndogo. Haikumeza yote."

"Basi nipe kipande kilichobaki."

"Nimeshakifuta. Chukua nyingine."

Akampa nyingine, nayo imekatwa. Wiki ya tatu mzee aliuliza kama hawa watengenezaji siku hizi hawamalizi hadithi. Wiki ya tano alikuja na flashi mpya, kubwa, aliyoagiza mpaka Moshi, na Raheli akamwambia kwa uso mkavu kwamba hii sasa ni kubwa mno, inachanganya televisheni. Raha aliyoipata ilikuwa ya mtu aliyejikuna panapowasha. Usingizi wa Jumatano ulikuwa mtamu kuliko wa siku nyingine zote.

Jumatano ya saba mzee aliketi kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mguu wake mbovu, akamkabidhi flashi. Hakulalamika. Raheli alingoja lalamiko lake kama mtu anayengoja chenji.

"Leo husemi imekatika?" akauliza mwishowe.

"Nimeacha kungoja. Siku hizi namalizia mwenyewe."

"Unamalizia vipi?"

"Yule mwovu wa wiki iliyopita sikumuua. Nilimtia bwawani, azoe tope kwa mikono, kila siku, maisha yake yote. Chakula analetewa. Ila kijiji kizima kimekatazwa kumsalimia. Wanakuja na ndoo, wanateka, wanampita. Pembeni kuna mgomba umelala, ndipo anapokaa akichoka."

Mkono wa Raheli ukasimama juu ya kipanya. Mgomba ule aliujua. Aliuchora akiwa na miaka kumi na minne ili kufunika doa la wino, na kwa sababu doa lilikuwa refu, mgomba ikabidi ulale. Dunia nzima hakuna mtu mwingine aliyepaswa kuujua.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Ni yako. Daftari la kumi na moja, lenye jalada la bluu."

"Ulisoma."

"Yote. Mara tatu. Ndizo siku tatu nilizokaa nayo."

"Ukasoma mara tatu, halafu ukachoma."

Mzee alijipapasa bendeji. Nje mama wa tangawizi alikuwa akibishana na mteja kuhusu fungu, na sauti zao zilisikika vizuri ndani.

"Nilisema ni mambo ya shetani," Tumainieli akasema. "Hayakuwa ya shetani. Yalikuwa masikio."

"Masikio gani?"

"Haya. Ulimpa Kizibo masikio yangu. Nikajua umeniona. Alfajiri zile nilipokuwa nikizibua ndiva kabla ya zamu za watu, maji yaende kwenye mahindi yangu kule chini. Nikasema, huyu mtoto leo amenichora, kesho atanisema kwenye kikao."

Raheli alimtazama. Alitaka kucheka na alitaka kumtupia kiti.

"Sikukuona mahali popote," akasema. "Sikujua unaiba maji. Nilikuwa sijui kuchora masikio. Yako ndiyo yalikuwa rahisi, yanaonekana toka mbali."

"Hukujua?"

"Sikujua kitu."

Mzee akafumba macho. Ilionekana anahesabu kitu kirefu kichwani, na jumla yake haikumpendeza. Naye Raheli hasira ilimpanda upya, mbichi kuliko ile ya zamani. Moto wa kumkimbiza shetani, hata ukiwa wa kijinga, una heshima yake kidogo. Kumbe ule ulikuwa moto wa mahindi. Nankondo wake, madaftari kumi na moja, miaka yote ile ya penseli ya kuazima, vimeteketea ili mtu asitajwe kwenye kikao cha maji.

"Na mwisho?" akauliza, na sauti ilimtoka kwa ukali. "Nankondo alimfungua, au Kizibo alifia humo topeni?"

"Hukuumaliza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku vitatu, umevipiga rula, vitupu. Nilipokuchomea nikadhani ndiyo basi. Halafu tukakutana njiani, ukanipita kimya. Mara ya pili, kimya. Nikaelewa kwamba hadithi inaendelea na mimi ndiye niliyemo. Nimezoa tope, mwanangu. Nimezoa sana."

Miaka yote hiyo Raheli aliamini kwamba shujaa wake alimmaliza adui kwa pigo moja. Kumbe kale kasichana ka miaka kumi na minne kalikuwa kakali kuliko yeye, na kenye akili kuliko waandishi wote wa filamu anaowatukana. Kalimnyima mtu salamu, kakamwacha aishi. Alijisikia fahari, fahari ya moto, hata akaona haya kuionyesha mbele ya huyo mzee.

Akafungua filamu ileile ya Jumatano ya kwanza, nzima, na dakika zake ishirini. Akaiingiza kwenye flashi na kumkabidhi.

"Hii ina mwisho. Ni kwa daftari la kumi na moja. Jumatano unaniletea la kumi kwa mdomo, ukurasa kwa ukurasa, nami nachora. Daftari moja, mwisho mmoja."

"Nimezeeka, mwanangu. Yamebaki kumi."

"Basi usife."

Mzee akatingisha kichwa kukubali, akainuka kwa kushikilia meza. Alipofika mlangoni akageuka na kusimama. Alisimama tu, kama walivyosimama wazee tangu enzi, akimpa aliye mdogo nafasi ya kufanya linalompasa. Raheli aliliona neno lenyewe, lilikuwa limemfika kwenye meno. Akalimeza.

"Haya," akasema. "Karibu tena."

"Marahaba," Mwinjilisti Tumainieli akajibu, kwa sauti ya kutosha kumfikia mama wa tangawizi na kinyozi na wateja wa kinyozi, kisha akaondoka na mguu wake kuelekea kwenye magari ya Vudee.

Raheli alibaki amesimama, mdomo wazi. Mama wa tangawizi alichungulia, akamtabasamia kama anayempongeza mtu aliyepatana na mkwewe. Shikamoo haikutolewa. Yule mzee ameichukua mwenyewe, kabla ya zamu yake, vilevile alivyokuwa akichukua maji. Na hakuna kikao ambamo angeweza kumshtaki.

Akaketi. Akaitafuta filamu ya Jumatano ijayo, akaifungua kwenye programu ya kukatia. Ahadi ni ahadi, lakini wizi nao una faini yake. Akapima dakika ishirini kutoka mwisho, kama kawaida. Akafikiri kidogo, akaisogeza alama mbele, akakata kumi.