Mvua Nje, Bomba Kavu

Mji ambao mvua inanyesha kutwa kucha na bombani hakutoki hata tone, mji huo una kasoro, na anayebisha aje nimwoneshe ndoo zangu. Kwetu kisiwani ukiona wingu unajua utakunywa. Hapa Suva, mji mkuu wa Fiji, ukiona wingu unajua utalowa, basi. Nilihamia hapa mume wangu alipofariki, binti yangu Akanisi akaniita nikae naye, na tangu siku hiyo nauliza kwa nini iwe hivyo na sijapata wa kunijibu.

Usiniambie nikinge maji ya mvua. Mabati ya nyumba ya Akanisi yameoza kwa kutu. Ukifulia shuka nyeupe kwa maji yake inatoka rangi ya chai. Ya kumwaga chooni sawa. Ya kunywa, thubutu!

Na si maji tu. Mabasi yao hayataki pesa mkononi, yanataka kadi. Nikauliza kadi inauzwa wapi, nikaambiwa mjini. Mjini naendaje? Kwa basi! Barabara yetu waliichimba kuweka mabomba, wakaifukia vizuri ikapendeza, wiki haijaisha wakaja watu wa simu wakaichimbua. Mtaro wa kona ulipokosa kifuniko, mtu mwema alichomeka tawi ndani ili watu wasitumbukie. Hilo tawi sasa limeota majani. Nadhani wanangoja lizae.

Lakini kinachonitia wazimu kabisa ni kuelekezana njia. Vichochoro vya huku juu havina vibao. Ukiuliza unaambiwa, "Shuka kwa Mchina, pinda kulia." Nilizunguka siku nzima namtafuta Mchina. Kumbe duka lake liliungua kabla Akanisi hajaolewa, na pale pamebaki nyasi! Nilipomlalamikia jirani yetu Savitri, yule Mhindi mwenye ulimi wa pilipili, alinicheka. "Sasa dada, sisi wote tunapajua kwa Mchina. Ni wewe tu usiyepajua."

Basi Akanisi akajifungua mtoto wa kike. Kitovu kilipoanguka tukapanga Jumamosi, kama desturi yetu ilivyo: ukoo wa baba unakuja, mikeka inatandikwa, na bibi mzaa mama anamwogesha mtoto mbele ya watu wote. Huyo bibi ni mimi. Jumanne bomba likakauka.

Jumatano Akanisi akapiga simu kwa watu wa maji. Wakasema lori linakuja. Alhamisi akapiga tena. Wakasema lori limeshakuja.

"Limekuja wapi?" Akanisi akafoka.

"Kwa Mchina, mama."

Lilikuwa limemwaga maji kichochoro cha pili, watu wa huko wakachota na kumshukuru Mungu. Ijumaa vilevile. Usiku ule Akanisi alikaa kitandani analia na mtoto kifuani. "Mama, wakwe watasema nini? Watasema wamekuja kumwona mtoto mchafu kwenye nyumba isiyo na hata maji ya kunawa." Nikamwambia anyamaze, maziwa yatakauka. Moyoni nilikuwa naungua. Mama mkwe wake ni mtu wa kukagua hata chini ya mkeka.

Jumamosi asubuhi nikachukua ndoo, nikaenda kusimama njia panda kulingoja lile lori mwenyewe. Lipite likithubutu! Mvua ilinipiga mpaka nguo zikanata mwilini. Watu wote walikuwa ndani, hata mbwa hayupo. Lori likatokea. Nikaruka katikati ya barabara na ndoo yangu. Likasimama, kioo kikashuka, na matusi yote niliyoyaandaa nikayameza.

Dereva alikuwa Jovesa, kaka yangu, tumbo moja.

Kwetu kaka na dada wakishapevuka hawasemezani. Ni heshima, si ugomvi. Mara ya mwisho Jovesa kunisemesha nilikuwa mtoto wa kukimbia pekupeku. Sasa nina wajukuu. Nilisikia amekuja Suva kutafuta kazi. Kwamba ndiye anayemwaga maji yangu kwa majirani, hilo sikuambiwa.

Akainamisha macho kwenye usukani. Mimi nikageukia mtaro. Tukabaki hivyo, lori linanguruma, mvua inanyesha. Hawezi kuniuliza nyumba iko wapi, siwezi kumwambia. Nikatafuta mtu wa kutusemea, hakuna. Nikaukasirikia mji, nikamkasirikia Mchina, nikawakasirikia na mababu zetu, Mungu anisamehe.

Mwishowe nikaiinua ndoo usawa wa uso.

"We ndoo," nikaiambia kwa sauti, "una akili za watu wa maji! Hujui nyumba ya Akanisi ni ile ya mwisho, mlango wa kijani, ukishapita tawi lililoota mtaroni?"

Halafu nikasikia, "Umesikia, usukani? Siku zote hizi naambiwa kwa Mchina, kwa Mchina. Mchina mwenyewe simwoni!"

"Ndoo, waambie wanaopenda kupiga soga kwamba wakwe wako njiani."

"Usukani, twende. Hii ndoo ni kali, tangu utotoni."

Nilicheka, nikaficha uso. Sauti yake imekuwa nzito kama ya baba.

Tulipofika alisimamisha lori nyuma ya nyumba, akajaza mapipa na masufuria. Savitri alikuja na beseni zake mbili. Akanisi alipomwita dereva mjomba, Savitri akanigeukia.

"Kumbe kaka yako! Na unamwacha kwenye mvua bila hata chai?"

"Akiingia yeye, natoka mimi. Na nikitoka mimi, nani anaogesha mtoto?"

"Nyie mna wazimu kuliko watu wa maji," akasema.

Wakwe wakafika, wakakaa mikekani. Jovesa hakuondoka. Alipitisha mpira wa maji dirishani, akabaki nje ya ukuta ameushika. Mimi ndani nikashika ncha yake na kukinga beseni. Nikimwambia mtoto, "Polepole, mwanangu," maji yanapungua. Nikisema, "Ongeza kidogo," yanaongezeka. Wakwe walipiga makofi mtoto alipoguswa na maji. Mama mkwe akanyoosha shingo kutazama dirishani.

"Huyo aliyeshika mpira kwenye mvua ni nani?"

Akanisi alifungua mdomo kunijibia, maana kwa desturi yetu mwingine ndiye anayemsemea dada habari za kaka yake. Nikamwahi. Sikuuambia mpira wala beseni.

"Ni kaka yangu," nikasema kwa nguvu, ukuta usikie. "Jovesa. Nampenda."

Maji yakakatika. Mtoto mkononi mwangu ana povu kichwani. Kisha yakarudi kwa fujo, yakafurika beseni, yakalowesha mkeka na sketi yangu, mpaka Savitri akapiga kelele dirishani kwamba yule mwanaume apunguze, tutamzamisha mtoto wa watu.