Igizo la Mzimu Siku ya Krismasi

Nikisikia harufu ya unga wa muhogo, namwona katekista wetu amejipaka uso mzima, akiburuta mnyororo wa plau kanisani mchana wa Krismasi. Alikuwa mzimu, akimwonya tajiri bahili kwamba asipobadilika, mtoto mgonjwa atakufa. Tajiri aliigizwa na mwenye lori wa kijiji chetu. Mtoto alikuwa mdogo wangu, kwa kuwa alikohoa kweli. Tajiri alilia, akambeba, akaapa kumpeleka hospitali.

Nje, mama alimpigia magoti mwenye lori. “Shikamoo, baba. Basi tumpeleke mtoto hospitali Kahama, homa imempanda.”

“Mama, igizo limekwisha,” alisema, machozi hayajamkauka. “Au unataka tuanze upya?”

Watu walicheka. Nami nilicheka.

Siku ya tatu alileta lori mwenyewe, bila kuombwa, kubeba jeneza.