Neno "Veri" na Mguu wa Mama

Neno "veri" lanitia kichefuchefu. Hapa Kismayo kila aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi au Ulaya amelibeba mdomoni: chai ni veri moto, papa ni veri tamu, viatu vyake ni veri orijino. Ptuu! Mwalimu wetu wa Kiingereza kule kambini Kenya alitueleza kwamba Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na kwamba zamani maana yake ilikuwa "kweli". Likatafunwa na kila mdomo mpaka ukweli ukaisha ndani, likabaki la kukolezea maneno tu. Nikaapa sitalitumia. Nilijiona msema kweli, mjinga mimi!

Kisha mama akaletwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Chovae, amechomwa na mwiba wa samaki taa unyayoni, mguu umevimba. Nikampeleka kwa daktari, mgeni asiyejua ila Kiingereza, na mkalimani nikawa mimi. Daktari akauliza mguu unamuuma kiasi gani, maana ukiuma sana ataupasua atafute kama kipande cha mwiba kimebaki ndani.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Si haba."

Watu wa visiwani ndivyo tulivyo. Mgonjwa hata awe anakata roho, akiulizwa hali hushukuru. Nalijua hilo tangu utotoni. Na jasho lilikuwa likimtiririka usoni, nililiona kwa macho yangu. Lakini sikutaka kulitamka lile veri, nikamfasiria daktari jibu la mama: unauma kidogo. Akaosha, akafunga bandeji, akatoa vidonge, tukaenda zetu.

Siku ya nne nikakuta chumba cha mama kimejaa moshi wa udi. Udi asubuhi, udi mchana. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya samaki aliyesahauliwa juani.

"Ni panya kafia darini," mama akasema.

Panya gani! Nikafungua bandeji. Usaha wa kijani ukanatana na vidole vyangu, na vidole viwili vya mguu wake vilikuwa vyeusi ti. Nikakimbilia nje nikatapika, na wallahi sijui nilitapika kwa uvundo ule au kwa kujichukia.

Tukarudi kwa daktari. Akauliza swali lile lile, na mama akajibu jibu lile lile: "Alhamdulillahi."

"Veri!" nikamwambia daktari. "Veri, veri, veri!" Nililitoa kwa kilio mpaka mate yakanidondoka.

Vile vidole viwili vikakatwa. Mama alipopata nguvu ya kuzungumza, akaniuliza nilimwambia nini yule daktari.

"Nilimwambia kweli, mama."

"Na siku ya kwanza?"

Nikashughulika kumkunjia shuka.

"Mimi mchu mgonjwa, kazi yangu ni kushukuru," akasema kwa lafudhi yake ya kisiwani. "Kusema ilikuwa kazi yako, mwanangu."