Mita Kumi na Nne

Nilijifunza kukimbia Kisauni, katika kiwanja cha mchanga kisichokuwa na ukuta wala jukwaa. Aliyenifunza alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Kila alasiri, madarasa yakishafungwa, alivua viatu, akatembea akihesabu hatua kwa sauti ndogo, na kupanga vipande vya matofali mpaka ukapatikana mzunguko. Hakuwa na kipimo ila miguu yake. Siku moja fundi wa barabara alipita na utepe wake, wakapima pamoja, ikaonekana Mwalimu amekosea kwa hatua moja tu katika mita mia nne. Hilo alijivunia miaka yote.

Mimi sikuwa mkimbiaji wa maana. Nilikua, nikasomea uchoraji wa ramani, nikapata kazi katika afisi ndogo ya kusanifu majengo na kuhamia Mikindani. Afisi yetu ilipopewa kazi ya kuchora uwanja mpya pale pale kwenye kiwanja chetu, niliacha chakula mezani nikaenda kumwambia Mwalimu, ambaye bado alikuwa akiwafunza watoto wa mtaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watweta?"

Nilimweleza. Ungekuwa uwanja wa michezo yote: mpira katikati, njia ya riadha kuuzunguka, shimo la kurukia, kiwanja cha voliboli pembeni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Huo mzunguko wenu utakuwa kamili? Mita mia nne?"

"Inshallah, Mwalimu."

"Sitaki inshallah ya kunikwepa. Nataka ile ya kweli."

Nikamwahidi.

Tulipokwenda kupima tulikuta ardhi imepungua. Ukuta wa ghala la jirani ulikuwa umesogea ndani, na hakuna aliyetaka kuuliza ulisogea lini. Uwanja wa aina ile una ugomvi wake hata ardhi ikitosha. Mpira unataka watazamaji wakae karibu na mstari, riadha inawasukuma mbali. Na kona za mkimbiaji zinahitaji upana ambao mchezaji wa mpira hana haja nao. Sasa upana ulikuwa haupo.

"Tukiweka mzunguko kamili, jukwaa la wageni halikai," alisema mkubwa wangu, akiwa ameinamia meza.

"Basi tupunguze jukwaa."

"Waheshimiwa wakae wapi? Kwenye nyasi?"

Nilimkumbusha kuwa viwanja hukaguliwa na kupangwa madaraja, na kwamba mzunguko pungufu hauwezi kufanyiwa mashindano yanayotambuliwa. Hakuinua kichwa.

"Watu wa mtaa hawaangalii daraja," alisema. "Wanaangalia rangi."

Ningeweza kukataa. Nilikaa kwenye kiti changu nikazikunja zile kona kwa mkono wangu. Mzunguko ukapungua mita kumi na nne. Kwenye ramani niliandika "njia ya riadha", nikaacha kuandika urefu.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma, hotuba na viti vya plastiki. Njia ilikuwa nyekundu, mistari myeupe, inapendeza kweli. Wageni walipokwenda kula, nilimwona Mwalimu amevua viatu. Alianza kutembea peke yake kwenye laini ya ndani, pindo la buibui amelishika mkononi, midomo ikicheza. Nilijua anachofanya. Nilisimama nikamtazama mzunguko mzima.

Alirudi amekunja uso.

"Uwanja huu ni mfupi."

"La, Mwalimu," nikasema. "Umechoka tu. Na jua hili."

"Nimehesabu."

"Labda umeruka hesabu. Umri nao, Mwalimu."

Alinitazama, halafu akaitazama miguu yake. Hakubishana. Mtu aliyenibishia utotoni hata juu ya namna ya kufunga kamba za viatu, siku ile alivaa viatu vyake kimya akaenda zake.

Miezi ikapita. Wakaguzi walikuja na gurudumu lao la kupimia, wakalisukuma mara mbili, wakaandika. Uwanja ukawekwa daraja la chini kabisa: wa mazoezi na shughuli za jamii. Mpira wa mtaa unachezwa, mikutano ya siasa inafanyika, maturubai ya harusi yanafungwa. Mbio rasmi hapana. Mkubwa wangu aliisoma barua yao akaiweka kwenye faili.

Siku ile ile nilipanda matatu kwenda kwa Mwalimu. Alikuwa amehamia kwa dada yake Mwakirunge, nyumba iliyojaa vumbi jeupe la machimbo ya mawe. Dada mtu alinikaribisha, akaninong'oneza mlangoni kuwa Mwalimu amewaacha wakimbiaji wake tangu ufunguzi. Wengine walijaribu kujifundisha wenyewe, wakachoka, wakatawanyika.

Nilimkuta ameketi mkekani. Nilimwambia yote: ukuta, jukwaa, kona, mkono wangu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Siku ile nakwambia mfupi, ulijua."

"Naam, Mwalimu."

Malori ya mawe yalipita nje, mawili, matatu.

"Mama yetu alipoteza akili polepole," alisema. "Alianza kwa kukosea hesabu. Uliponiambia nimeruka, wallahi nilidhani zamu yangu imefika. Nitawafunza vipi wana wa watu, nami sijui nihesabulo? Nikawaambia waende."

"Nisamehe, Mwalimu. Rudi. Akili yako ni nzima, hata wakaguzi wamepata kama ulivyosema."

"Nirudi wapi? Kiwanja chetu mmekijengea, na huo wenu si wa kukimbilia." Alijifunika mtandio vizuri. "Ungeniambia mfupi, ningewapeleka hata njia ya shamba. Tungekimbia."

Dada yake alileta chai, tukainywa.

Niliacha kazi katika afisi ile baadaye, ingawa hilo halikumrudisha mtu yeyote uwanjani. Bado ninakwenda Mwakirunge mara kwa mara. Hunipokea vizuri, huniuliza habari za nyumbani, za mvua, za magoti yangu. Nikianza tu habari za mbio, huinuka kwenda kutazama jikoni, na hukaa huko mpaka niage.