Salamu za Kesho, Barabara ya Muyama

Kezia Ntirampeba alikuwa mama wa watoto watatu, mkulima wa maharage nje kidogo ya mji wa Kasulu, na alikimbia. Si kwa kukimbizwa na mvua. Alikimbia kwa kupenda, kila asubuhi, kanga juu ya kaptula ya mumewe Melkiadi, mpaka majirani wakachoka kumshangaa wakaanza kumwita Pikipiki. Mwaka ule wa 2014 alitaka jambo moja tu: kuchaguliwa katika timu ya kwenda kushindana Kibondo.

Mwalimu Nsabimana, mchaguzi wa timu, alikuwa na sharti: kilometa kumi za barabara ya Muyama, kwenda na kurudi, chini ya dakika hamsini. Kezia kila akijipima kwa simu alirudi baada ya karibu saa nzima. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba umri nao una haki yake. Neno hilo lilimchoma, akalala nalo wiki nzima.

Ndipo akaingia Shamsi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli na maneno mengi kuliko vipuri. Ndugu zake wa Tanga walikuwa wamemtumia kidude cheusi cha kufunga kwenye usukani, kinachosikilizana na setilaiti na kukwambia umekwenda umbali gani, kwa kasi gani. Jipiesi, alikiita. Kasulu hakuna aliyekitaka, kwa kuwa kila mpanda baiskeli alijua alikotoka. Kezia akaomba kukiazima. Shamsi akamwonya kwamba kikiwashwa kinaonyesha picha ya baiskeli, hivyo mtu wa miguu huenda kikamkataa.

"Basi usikiambie," alisema Kezia.

Wakakifunga mkononi mwake kwa utepe wa tyubu, naye akaondoka. Kidude hakikuuliza kitu.

Aliporudi, Shamsi alisoma kioo, akakigeuza, akasoma tena. Kilometa zilikuwa kumi kweli, barabara haikuwa na hila. Lakini muda uliandikwa mara mbili: dakika arobaini na saba, halafu hamsini na nane. Shamsi akaeleza kwamba ukisimama, kidude nacho husimama. Ule mdogo ni muda wa mwendo, ule mkubwa ni muda wote. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya hakimu, alikuwa anasimama wapi.

Kezia akawaza. Alisimama kwa mzee Niyongabo, akasimama kwa wanawake wa kisimani, na kwa mama mkwe wake, ambaye mlango wake unatazama barabara, alisimama kwenda na kurudi. Salamu ya Waha, wenyeji wa Kasulu, si ya kupunga mkono. Unashika mikono miwili, unaulizwa umeamkaje, na watoto, na maharage, na ng'ombe, kisha zamu yako ya kuuliza. Kumpita mkubwa mbio ni sawa na kumwambia hayupo. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kule ni kusimama. Mcheza kwao hutunzwa. Mkimbia kwao, kumbe, husimamishwa.

Alicheka mpaka akakalia tairi la watu. Miguu yake haikuwa imezeeka hata kidogo! Furaha ilimjaa akashindwa hata kuaga.

Ila siku ya majaribio Mwalimu angeshika simu, na simu haina huruma ya kidude. Akisimama, Kibondo basi tena. Akimpita mama mkwe mbio, angekwenda Kibondo lakini hana pa kuuweka uso. Siku mbili alikosa raha, na raha iliporudi ilimkuta shambani, ikaja na wazo lililomfanya acheke peke yake kama mwehu.

Siku moja kabla ya majaribio alitembea barabara nzima, nyumba kwa nyumba, akitoa salamu za kesho. Alieleza sababu, akaonyesha kidude. Mzee Niyongabo alitaka kujua kama na hali ya ng'ombe wa kesho aijibu leo. Wakakubaliana kwamba ng'ombe kesho ni mzima. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, uso mkavu.

"Kesho nitakupa mgongo," alisema. "Asiyekuona hadai salamu."

Kulipokucha, kidude mkononi, Kezia alikimbia kati ya migongo. Mzee Niyongabo alikuwa ameutazama ukuta, wanawake wa kisimani wamejifunika kanga, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Yeye aliuma ncha ya kanga yake asicheke, maana kicheko nacho hula pumzi. Kwa mama mkwe, wakati wa kwenda, mgongo ulikuwepo kama ulivyoahidiwa. Wakati wa kurudi haukuwepo. Kezia akasikia vishindo vya miguu mitupu. Bibi kizee amekunja kanga, jembe begani, anamkimbilia ubavuni.

"Mwakeye, mwanangu," alimsalimu kwa Kiha, akihema. "Usisimame."

"Mwakeye, mama."

Wakaenda bega kwa bega hatua chache, wakaulizana watoto, wakaulizana maharage, kisha mama mkwe akabaki nyuma ameshika magoti, anacheka. Kezia alifika kwa Mwalimu akilia na kucheka kwa pamoja. Mwalimu akaitazama simu, akamtazama yeye, akamwambia ajiandae kwa safari ya Kibondo. Kwenye kidude, muda wa mwendo na muda wote vilikuwa sawa.

Hakukizima. Alirudi barabara ile ile kwa kutembea, akawalipa watu salamu zao, mikono miwili kila mmoja, kidude kikisimama na kuondoka, kikisimama na kuondoka, mpaka kikaishiwa chaji mlangoni kwa mama mkwe.